Salamu Juu ya Sauti ya Angetile

Kwa jina la Mola Mmoja, asikiaye kilichonenwa na kilichomezwa, aliyempa mwanadamu masikio mawili na ulimi mmoja, naye mwanadamu akaufanya ulimi huo uwe kumi. Na rehema ziwafikie wajumbe Wake wote, waliolibeba neno wasilipunguze wala kuliongeza.

Baada ya hayo, wenye kisa ni hawa. Wa kwanza ni Mzee Mudathiri, fundi redio wa Mbugani mjini Kyela, ambaye babu yake alitoka Kilwa na mizigo ya nguo, akafika kichwani mwa Ziwa Nyasa, akaona mpunga unavyoota bila kubembelezwa, asirudi tena. Wa pili ni mkewe, Mwanaheri, mwenye maneno machache na mazito. Wa tatu ni Athumani, mtoto wa marehemu mdogo wake Mudathiri, ambaye Mudathiri mwenyewe alimlea, aliyerudi kutoka Dar es Salaam katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, akiwa na deki ya kanda mbili, katoni ya kanda tupu, na imani kwamba kila kilichomo duniani kinangoja kuuzwa. Wa nne ni Mzee Andongwisye wa Mwaya, mkulima wa mpunga na kakao, mzee wa kanisa. Wa tano ni mwanawe, Nsajigwa. Na wa sita ni Angetile, mke wa Nsajigwa, ambaye kisa kilipoanza alikuwa na mwaka mzima kaburini.

Katika nchi ile mkamwana humwogopa baba mkwe. Si woga wa fimbo, ni woga wa heshima. Hapiti mbele yake, hamtazami usoni, halitamki jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani na kujifunika mpaka mzee apite. Naye mzee haingii jikoni kwake wala hamwiti. Kwa desturi hiyo Angetile alimpikia Mzee Andongwisye miaka ishirini na miwili. Chakula kilichukuliwa na wajukuu, na bakuli likarudi kwa mikono hiyohiyo. Mzee hakumjua ila kwa mchakacho wa nyayo zake alfajiri, na kwa ndizi zake, ambazo hazikuzidi chumvi hata siku moja.

Jumapili ya Mavuno, katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, kwaya ya Mwaya ilirekodi albamu yake humo humo kanisani, ibada ikiendelea. Hapakuwa na studio wala kurudia. Mgeni mmoja wa kanisa alikuwa amemwachia Yakobo, mwalimu wa kwaya, redio kaseti na kipaza sauti, basi Yakobo akaviweka juu ya kiti na kumwachia Mungu mengine. Mvua ya Kyela, isiyojua kupiga hodi, ilishuka juu ya bati katikati ya wimbo wa pili. Mtoto alilia. Benchi lilianguka, na mtu akasema "samahani" kwa sauti ambayo kila mwenye kanda ile aliijua. Katika wimbo wa tano Angetile akasimama peke yake. Aliimba kwa koo lililofunguliwa lote, kwa kuwa alijua baba mkwe wake amelala nyumbani na homa. Miezi miwili baadaye homa ikamchukua yeye. Yakobo akatoa nakala chache, moja kwa kila mzee wa kanisa, ziwe kumbukumbu.

Mzee Andongwisye akapata ya kwake, asipate pa kuisikilizia. Nyumba yake ilizungukwa na nyumba za wanawe, na katika kila nyumba kulikuwa na mkamwana. Baba mkwe aketi hapo afungulie sauti ya mke wa mwanawe? Heri angetembea uchi sokoni.

Ndipo Jumamosi moja akapakiwa nyuma ya baiskeli ya muuza usipa, akashuka Mbugani akinuka samaki na jasho, akasimama mlangoni kwa Mudathiri.

"Mugonile, Shehe."

"Salama, mzee mwenzangu. Betri?"

"Si betri. Nina wimbo. Nataka kuusikiliza mahali ambapo sina mkwe."

Mudathiri hakuelewa, lakini mzee wa watu haulizwi mlangoni. Alimpa kigoda, akaufunga ubao mmoja wa mlango, akaiweka kanda. Mgeni alisikiliza wimbo wa tano, huo tu, uso wake ameuelekeza ukutani. Ulipokwisha alisema neno moja, "Ndaga," yaani asante, kama mtu aliyepokea bakuli. Kisha akaomba kanda ibaki pale dukani. Mudathiri akaitia katika droo ya chini, chini ya Msahafu wake mdogo uliofungwa kitambaa, maana hapo ndipo alipoweka amana za watu.

Jumamosi ya tatu mgeni akaeleza.

"Ni mke wa Nsajigwa wangu. Miaka ishirini na miwili nimekula mkononi mwake, Shehe, sikuwahi kumwambia ahsante. Ningemwambiaje? Sasa amekufa, nami nimesikia kumbe ana sauti."

"Na mwiko?"

"Nimejiuliza sana. Nikasema, mimi simtazami, naye hanioni. Nikikosea, kosa langu ni la sikio tu." Akacheka bila meno. "Lakini wasijue nyumbani. Nsajigwa akijua, nitahamia ziwani na kiboko."

"Amana hii iko kwangu," akasema Mudathiri.

Zikapita Jumamosi nyingi. Mudathiri mwenyewe akaanza kuingoja siku ile. Maneno ya wimbo hakuyakubali yote, maana imani yake na yao zilikwishaachana njia panda. Lakini alikuwa amefunzwa tajwidi ya kusoma Msahafu tangu ana miaka saba, na alijua pumzi iliyotunzwa inapotua mahali pake. Mwanamke yule aliimba, "Mto umejaa, Bwana, nami sijui kuogelea," na kabla ya neno la mwisho akavuta pumzi fupi, ya mtu aliyetia mguu majini kweli. Kwa ajili ya pumzi ile Mudathiri alianza kuisikiliza kanda hata siku ambazo si Jumamosi, mlango akiurudisha, redio ameishusha.

Yasini, mwadhini, akamkuta siku moja.

"Mudathiri, mwenzetu! Tukutafutie jina la ubatizo?"

"Kajitafutie kwanza sikio la pili, wewe unayeadhini na moja."

Wakacheka, ikapita. Na laiti ulimi wa Mudathiri ungeishia kwenye mizaha!

Lakini usiku wa Ijumaa moja, wakiwa kwenye sinia la wali, Mudathiri aliona huba ya jambo lile imemjaa kifuani. Akaona ni kisa cha heshima, kinafaa kumfunza kijana. Akakisimulia chote: mkamwana, ndizi, wimbo wa tano, na ile "ndaga" inayoambiwa mashine. Mwanaheri akaacha tonge hewani.

"Baba Samira, hilo si la sahani. Usilirudie."

Athumani hakuacha kula. Aliuliza tu, huku akichambua mwiba, "Anaitwa nani huyo marehemu?"

Na Mudathiri akamtajia. Alimtajia na jina la mzee.

Haikupita miezi miwili mambo ya Athumani yakanyooka. Alichora ubao mwekundu, akautundika pembeni mwa duka la baba yake mkubwa: ATHUMANI STUDIO. Alileta nyama nyumbani mara tatu kwa wiki. Msikitini alitoa zulia jipya la safu ya kwanza, la kijani, lenye manyoya ya kuzamisha vidole, na imamu akamwombea dua mbele ya watu. Mudathiri aliposujudu juu yake alihisi fahari ya mzazi, akamwomba Mungu msamaha kwa fahari hiyo, kisha akaihisi tena.

Siku Mudathiri alipoujua ukweli ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, katika mgahawa ulio karibu na stendi ya Mbugani. Alikuwa amekwenda kutengeneza waya wa spika. Alipomaliza, mwenye mgahawa akasukuma kanda ndani, akafungulia hadi mwisho, na Mudathiri akasikia mvua ya Mwaya juu ya bati.

Aliduwaa kwa furaha. Alidhani Yakobo ametoa nakala nyingine, na kweli watu wote mle walinyamaza: wapakiaji wa ndizi, wanunuzi wa kakao, mwanamke mwenye kapu la usipa. Ukaja wimbo wa tano. Angetile akaanza. "Mto umejaa, Bwana..." Na pale pale, kwenye ile pumzi fupi, vikaingia vigelegele, vikali, vya mlevi, kama vya harusi iliyokosa adabu. Mudathiri alivijua: vilikuwa vya Tausi, muuza pombe wa nyuma ya soko. Kisha ikapanda sauti aliyoilea mwenyewe:

"Athumani Studio, Mbugani, Kyela! Imba mama, imba! Salamu nyingi, nyingi, zimwendee Mzee Andongwisye wa Mwaya, anayefunga safari kila Jumamosi kuja kumsikiliza mkamwana wake, marehemu Angetile! Mzee, jipe raha!"

Mwanamke wa usipa aliweka kiganja mdomoni. Kisha mpakiaji mmoja akasema, "Mkamwana wake?"

"Ndivyo anavyosema."

"Kila Jumamosi?"

"Si umesikia? Ajipe raha!"

Kicheko kilichofuata hakikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi. Kilikuwa cha mtu aliyeona jambo chafu akashukuru kwamba si lake. Mudathiri alitoka nje, akatema mate mara tatu, ladha ya kicheko kile haikutoka. Mbele ya duka la jirani kakao ilikuwa imevundikwa chini ya majani ya mgomba, na ile harufu yake ya uchachu, aliyoizoea tangu utotoni, siku hiyo ilimchefua kama ya kidonda.

Maana alilijua kosa hadi mzizi wake. Kwa watoto wa pwani salamu ni zawadi. Mtu hununua kadi ya salamu ili atangazwe redioni. Athumani alidhani amempa mzee heshima. Alikuwa ameishi Kyela asijue kwamba jina la baba mkwe na jina la mkamwana hayatamkwi kwa pumzi moja hata na mwendawazimu. Yeye Athumani hakujua. Lakini Mudathiri alijua, na ndiye aliyempa majina yote mawili, juu ya sinia la wali.

Alirudi dukani, akamkuta kijana amevaa vipokea sauti shingoni, deki zikizunguka.

"Hii ni nini?" Mudathiri akauliza.

"Ipi, baba mkubwa?"

"Hiyo unayoizungusha."

Athumani akatabasamu. "Aa, umeisikia! Nilikuwa nakusubiri. Ile ya asili haijaguswa, iko drooni kwako palepale. Nimeichukua mara moja tu, ukiwa Ijumaa msikitini."

"Mimi nasujudu, wewe unafungua droo ya amana."

"Baba mkubwa, usinifanye mwizi. Yakobo mwenyewe hajui thamani yake. Dunia imefunguliwa sasa. Tukuyu wanaitaka, Mbeya wanaitaka, mpaka Karonga wanakuja kuchukua. Watu wanapenda kanda ya moja kwa moja, yenye watu ndani. Sasa ile yao watu wanakohoa tu, benchi linaanguka. Nikamleta Tausi aichangamshe."

"Walikuwa wakiabudu."

"Na sisi tumewaongezea uhai."

"Kwa koo la mlevi."

"Wanunuzi hawamwoni."

"Na yule mzee? Ulimwomba ruhusa kumtaja?"

Athumani alishangaa kweli, na mshangao ule ndio uliomtia Mudathiri kinyaa kuliko wizi. "Nimemtaja bure! Wengine wananilipa niwasalimie. Mzee amejulikana mpaka Malawi. Angekuja kunishukuru."

"Athumani, umekwenda chumbani kwa watu ukang'oa pazia, sasa unataka shukrani kwa kuwaletea mwanga."

"Haya mashairi yako, baba mkubwa, hayauziki."

Mudathiri akamtazama mtoto wa mdogo wake: macho safi, ndevu zilizochongwa, kovu dogo la sijda kwenye paji. Akaona chukizo linampanda, na katikati yake akauona uso wake mwenyewe. Akamwambia atoe deki zake dukani kabla ya jua kuzama. Kijana akazitoa bila ugomvi, akapanga kibanda ng'ambo ya barabara, akazifungulia kwa sauti kubwa zaidi.

Tangu siku hiyo Mudathiri aliliacha zulia la kijani akaswali pembeni, juu ya saruji. Yasini akamuuliza kama magoti yanamuuma. "Yanauma," akajibu, "lakini si kwa ajili ya saruji." Aliwaza kuzinunua kanda zote azivunje, lakini zilikwishavuka Mto Songwe kuingia Malawi, na nani aliwahi kuukusanya mchele uliomwagika mtoni? Usiku alitunga beti akizikariri mwenyewe, na kila ubeti ulimrudia ukimnyooshea kidole:

*Siri ni yai la kwale, mkononi ukibana,*
*likivunjika lilale, halirudi kufungana.*

Jumamosi ikaja, kigoda kikabaki kitupu. Ikaja ya pili. Ya tatu akaja Nsajigwa.

Alikuwa mtu mpana wa mabega, miguu yake ina tope la jaruba la mpunga hadi magotini. Hakuketi.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Nimekuja kuuliza jambo moja, mzee. Baba yangu alikuwa akija hapa?"

Mudathiri angeweza kusema hapana. Uongo ungekuwa mwepesi, na labda hata wa huruma. Akasema, "Alikuwa akija. Alisikiliza wimbo mmoja, uso wake ukutani, akasema ndaga, akaondoka. Wallahi, sikuona kwa mwanadamu yeyote heshima kama ile. Na aliyeivunja ni mimi. Kijana wangu alitangaza, lakini mimi ndiye niliyemsimulia."

Nsajigwa akakitazama kigoda kitupu.

"Unajua wanafanya nini kilabuni? Wanaicheza hiyo kanda. Ikifika kwenye salamu wananyanyua vikombe: 'Mzee, jipe raha!' Wanawake wa nyumbani wamekataa kumpikia. Wanasema kumbe wakijifunika, yeye huwa ameacha sikio nje. Dada yangu ndiye anampelekea uji. Mzee hatoki. Kanisani hajaenda. Na mimi..." Akaangalia nje. "Miaka yote mke wangu hakuvuka mbele ya baba yangu. Mmewachezesha wawili hao kwenye pombe."

"Kuna la kufanya?"

"Unaniuliza mimi, na fundi ni wewe?"

Akaondoka. Mudathiri akamweleza mkewe. Mwanaheri alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Nenda Mwaya."

"Nikaseme nini?"

"Umeshasema. Sasa kasikilize."

Alikwenda kesho yake, Jumapili, baada ya ibada ya watu wa kule kumalizika, akabebwa kwenye baiskeli na redio kaseti mapajani na kanda ya asili mfukoni mwa kanzu. Barabara ilikuwa na maji, migomba imeinama, na milima ya ng'ambo ya ziwa imefunikwa. Alipoufikia ua wa Mzee Andongwisye watu walitoka kumtazama: wake za wana wakajiegemeza nyuma ya kuta zao, majirani wakasimama kwenye miti ya kakao, wengine midomo yao tayari imepinda kwa kicheko. Mzee alikuwa ndani, kwenye giza. Alikuwa amekonda.

"Shehe," akasema, "umeleta na vigelegele?"

"Nimeileta ile yako. Haina kitu juu yake. Na nimeleta kichwa changu, ukitaka kukipiga."

"Kichwa cha mzee kinasikika kama mtungi mtupu. Kaa nacho." Kisha akauliza: "Kijana wako ulimwambia kwa nini?"

"Nilikiona kisa chako kizuri."

Andongwisye akafikiri. "Hata mimi nilikiona kizuri," akasema. "Ndiyo maana nilikuambia wewe. Kumbe uzuri una miguu."

Jibu lile lilimchoma Mudathiri kuliko laana. Angelaaniwa angepata nafuu.

Mzee akainuka, akaomba fimbo, akamwagiza Mudathiri aiweke mashine nje, katikati ya ua, mchana ule ule, mbele ya wote. Nsajigwa akatoka nyumbani kwake kwa hatua ndefu.

"Baba, usifanye hivi."

"Walichosikia si kilichokuwepo. Wasikie kilichokuwepo." Akawageukia watu. "Mmesikia kelele za mjini. Sasa sikilizeni mlichokisikia kanisani siku ile, ninyi mliokuwepo. Mimi sikuwepo. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote: sikuwepo, nikataka kujua."

Mudathiri akabonyeza. Ikanyesha mvua ya siku ile, benchi likaanguka, sauti ya "samahani" ikasikika, na mwanamume mmoja kwenye kakao akainamisha kichwa, maana ilikuwa yake. Kisha Angetile akaimba. Na Mzee Andongwisye, ambaye mkamwana wake alijifunika mbele yake miaka ishirini na miwili, akavua shuka la begani akajifunika kichwa chote, akageuka akaupa mgongo ua ule na sauti ile, akasimama hivyo, kama mkamwana aliyekutwa njiani. Hakuna aliyecheka. Nyuma ya ukuta mmoja mwanamke alilia wazi. Lakini wachache kwenye kakao waliondoka kabla wimbo haujaisha, wakinong'ona, na Mudathiri aliwaona, akajua kwamba hao watalisimulia na hili pia, na kulitia chumvi.

Wimbo ulipokwisha mzee akajifunua. Aliiomba kanda, akaishika kidogo, akamnyooshea mwanawe.

"Ni mkeo. Ilipasa ikae kwako tangu mwanzo. Mimi nimeshashiba."

Kila aliyekuwepo alijua kwamba hakushiba. Nsajigwa aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Baba."

"Nimesema nimeshiba."

"Sisemi hilo. Nasema nitanunua redio." Akatazama chini. "Nami sijui kuishusha sauti. Jumamosi nikifungulia nyumbani kwangu, isipofika huku itakuwa ajabu. Jirani hawezi kunilaumu."

Mzee Andongwisye akaguna. "Kila mtu na redio yake. Mimi nitakuwa nachambua mbegu zangu."

Wakamkaribisha Mudathiri ndizi na samaki wa mbasa, akala matonge mawili kwa adabu. Hawakumwambia wamemsamehe, naye hakuwauliza. Alichokivunja kiliungwa mbele ya macho yake, na si yeye aliyekiunga. Mzee mwenye haki ndiye aliyekilipia, kwa kusimama amejifunika kama mwanamke mbele ya watu waliomcheka.

Alirudi Mbugani alasiri kwa baiskeli. Ng'ambo ya barabara kibanda cha Athumani kilikuwa kimejaa. Vigelegele vya Tausi vikapaa, na sauti ile ya malezi yake ikamtakia mzee raha, kwa mara ya mia na ngapi haijulikani. Kijana akamwona, akampungia mkono kwa upendo wa kweli. Mudathiri hakuweza kuuinua wake. Chukizo lilikuwa limemkaa chini ya ulimi kama tembe isiyoyeyuka, akafahamu kwamba atakwenda nalo kaburini, na kwamba ni haki yake.

Aliingia kutawadha. Mdomo akausukutua mara tatu kama ilivyoamriwa, kisha ya nne, na ya tano, ambazo hazikuamriwa na yeyote.

Ewe Mola, Mwenye kusitiri, mrehemu aliyekwisha kwenda, aliyeimba asijue anayemsikiliza. Wabariki waliobaki: mzee wa Mwaya na mbegu zake, mwana na redio yake, wake walio nyuma ya kuta, na kijana asiyejua alichokivunja, umjulishe kabla hujamhesabu. Na kila mwenye kuwekewa neno la mwenzake, umfanyie mdomo wake kuwa mlango wenye komeo. Amina.